KOMPYUTA YAGANDA, KUMBE MCHAWI NI MIMI!

Huku Bukene sisi wazima, mpunga uko kwenye magunia, matobolwa yapo, na anayetaka kulia njaa ni kwa mapenzi yake mwenyewe.

Leo sina stori ya mchumba wala ya harusi. Nina jambo langu la aibu, na nimeamua kulianika mwenyewe kabla mdogo wangu hajalipeleka kisimani.

Nyumbani kwetu kuna kompyuta. Si ya kuringia, ni mtumba, lile kasha jeusi la mezani ambalo Wazungu wamelichoka maofisini. Bi mkubwa aliuza magunia ya mpunga kuipata, kwa hiyo inafunikwa kitambaa cha kufuma kama vile ni maharusi. Mimi naandikia safu hii, mdogo wangu wa kike anasomea, mzee anaangalizia bei ya mazao na kumsema mtu yeyote anayeweka kikombe cha chai karibu.

Basi bwana, kuanzia mwezi wa sita mashine ikaanza visa. Unaiwasha, unakwenda kuoga, unarudi, bado inajifikiria. Unabonyeza herufi "a", inatokea umeshasahau ulitaka kuandika nini. Kile kiduara cha kusubiri kinazunguka mpaka macho yanauma. Taa ya hadi diski inawaka moja kwa moja na ndani mnasikika krr, krr, kama panya kwenye ghala.

Nikatoa hukumu papo hapo. Mwenye makosa ni mdogo wangu na tamthilia zake! Nikampiga marufuku kugusa mashine. Alilia, nikajifanya sioni.

Sasa sikiliza kasheshe. Binti kamaliza kidato cha sita na anataka kuomba mkopo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Siku hizi maombi yanajazwa kwenye intaneti. Unaweka namba ya mtihani wa kidato cha nne, unaweka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, unapakia kurasa zenye sahihi na mihuri. Dirisha lilikuwa limebakiza siku 5. Stesheneri ya sokoni foleni mpaka nje. Nikamwonea huruma, nikasema njoo tujaze hapa hapa. Tukafika ukurasa wa tatu, mashine ikaganda. Tukawasha upya, tukaanza tena, ikaganda ukurasa wa pili. Saa sita za usiku binti kaweka kichwa mezani, hasemi kitu. Afadhali angenitukana.

Asubuhi nikalifunga kasha kwenye bodaboda, huyo, Nzega mjini kwa fundi. Jamaa hakulifungua hata skrubu moja. Aliliwasha, akaliangalia linavyosuasua, akatikisa kichwa kama daktari anayetangaza msiba. "Mazabodi imekufa. Leta shilingi 180,000."

Nikampigia mama. Kimya. Halafu akasema, "Ngoja nihesabu." Msomaji wangu, hela anayohesabu ni ile ya nauli na godoro la binti akienda chuo. Nilijua na yeye alijua kwamba nimejua.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa kutengeneza simu, kibanda cha jirani. Wala sikumuuliza. Alisema tu, "Kaka, mazabodi ikifa mara nyingi mashine haiwaki kabisa. Hii yako inawaka ila imelemewa. Umeshaangalia kinachokula RAM?" Nikamwambia ndiyo, huku hata sijui inaliwaje. Nikageuza na kasha langu, nikarudi Bukene.

Sasa nieleze nilichojifunza, maana najua wengi mnateseka kimya kimya.

RAM ni nini? Mfikirie mpagazi wa Kinyamwezi wa enzi za misafara, wale babu zetu waliokuwa wakitoka Bagamoyo na mzigo begani, wanapita Tabora, wengine wanafika mpaka Ujiji. Mzigo wake ulikuwa kama kilo 30. Mpe huo, anakwenda na nyimbo anaimba. Mwongezee na wa mwenzake, hafi, ila atautua mmoja chini, atasogeza mwingine hatua kumi, atarudi kuufuata ule wa kwanza. Msafara mzima unachelewa.

Ndivyo kompyuta inavyofanya. RAM ni bega lake. Kila programu unayofungua inatwikwa hapo. Bega likijaa, Windows inatua sehemu ya mzigo kwenye hadi diski, halafu inaurudia ukihitajika. Na hadi diski ya zamani ni kisahani kinachozunguka na kijisindano kinachokimbia huku na huku kutafuta kitu. Ukilinganisha na RAM, ni kobe na pikipiki. Ile krr, krr niliyokuwa naisikia ilikuwa ni mpagazi anatua na kutwika, anatua na kutwika.

Mgonjwa wangu nikampima hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo. Kinatokea kidirisha kinaitwa Task Manager. Kikija kidogo, bonyeza "More details" kiwe kikubwa. Angalia safu iliyoandikwa "Memory", ibonyeze kichwani, na wale walaji wakubwa watapanda juu wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama kwenye gwaride la utambulisho.

Yangu ilisoma asilimia 94. Diski asilimia 100. Mashine ina GB 4 tu za RAM. Windows 10 yenyewe na mambo yake ilikuwa inakaribia GB 1.7. Brauza ilikuwa na kurasa 27 zilizofunguliwa, nyingine za tangu Pasaka, inakula zaidi ya GB 1. Kivinjari kama Chrome kila ukurasa karibu kinauhesabu kama mtu mzima anayejitegemea, kila mmoja na sahani yake. Antivirusi zilikuwa mbili, moja iliyokuja na mashine na nyingine ya kwenye flashi ya mshikaji, zinachunguzana zenyewe kwa zenyewe usiku na mchana. Kulikuwa na programu ya kushusha muvi, inajiwasha kila asubuhi bila kuombwa. Kulikuwa na kiwashio cha gemu la mpira.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasoma orodha yote taratibu, halafu akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kaka, na hii ya kushusha muvi ni ya kwangu?"

Nikachoka mwenyewe. Muvi ni zangu. Gemu langu. Antivirusi ya flashi nimeiweka mimi. Kurasa 27 ni zangu, na zile nyingine sitaki kuzitaja hapa kwa sababu bi mkubwa husomewa safu hii. Tamthilia zake alikuwa anaangalia ukurasa mmoja, akimaliza anafunga. Mwezi mzima nimemfungia mtoto wa watu bure!

Nilimwomba radhi. Akasema tutaongea baadaye, kwanza nitengeneze.

Nikafunga kurasa zote. Nikaiondoa antivirusi moja kwa njia halali, kupitia orodha ya programu kwenye "Settings", siyo kufuta folda yake tu. Kaa na moja. Na kama huna hata moja, Windows 10 na 11 zina mlinzi wao wa ndani anayeitwa Defender. Kisha kwenye hiyo hiyo Task Manager kuna sehemu ya "Startup". Hapo unaona wale wote wanaoamka na mashine asubuhi kudai chakula. Bonyeza jina, bonyeza "Disable". Haifuti programu, inaiambia tu isubiri mpaka iitwe. Ila usizime usichokijua. Jina kama ni geni, liulizie kwanza.

Jambo lingine lilinitoa jasho. Mimi kila siku nilikuwa nazima mashine nikidhani nimeipumzisha. Kumbe Windows 10 na 11 kwa kawaida ukizima huwa zinaweka kumbukumbu ya moyo wa mfumo kwenye diski, ili kesho ziwake haraka. Uchafu wa jana unaweza kurudi nao. Ukitaka ianze upya kabisa, chagua "Restart".

Nikafanya hivyo. Ilipowaka, Memory ilisoma asilimia 52. Krr, krr kimya. Tukafungua ukurasa mmoja tu, ule wa maombi. Binti akajaza, akapakia vyeti, akabonyeza tuma. Siku zilikuwa zimebaki 3. Mama alikuwa mlangoni na kanga yake, akauliza, "Imekubali?" Binti akasema imekubali. Mama akaenda kurudisha hela kwenye kopo bila kusema neno.

Baadaye, malipo ya safu hii yalipoingia, nikanunua RAM ya mtumba ya GB 4 kwa shilingi 25,000 nikaongezea. Hapo pia kuna mtego. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, ule mkato wake umekaa pengine, usilazimishe kwa nyundo. Ya laptopu ni fupi kuliko ya mezani. Na kama Windows yako ni ya biti 32, ukizidisha GB 4 umepoteza hela, haiwezi kuzitumia. Mwenye uwezo zaidi aondoe hadi diski ya kuzunguka aweke SSD, ambayo haina kisahani cha kuzunguka. Utadhani umenunua kompyuta nyingine.

Msije mkanielewa vibaya. RAM kujaa peke yake si ugonjwa, maana Windows hupenda kutumia nafasi iliyo wazi kuweka vitu unavyovihitaji mara kwa mara. Ugonjwa ni pale inapojaa, diski ikapiga kelele na mashine ikasuasua kwa pamoja. Ukikuta programu moja inaongezeka saa hadi saa hata kama huigusi, hiyo inavuja, ifunge uifungue tena. Na zile programu za bure zinazojitapa kwamba zinasafisha RAM, ziache. Mlaji haponywi kwa kumkaribisha mlaji mwingine.

Wenye Windows 10 kama mimi mkumbuke pia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya marekebisho yake ya bure. Mashine nyingi za mtumba zinakataliwa na Windows 11. Kuna mifumo ya bure kama Linux Mint ambayo wengi huihamia kwenye mashine kuukuu. Mimi bado najipanga, nikifanikiwa au nikiharibu mtasikia hapa hapa.

Kuhusu mdogo wangu, yale maongezi ya "baadaye" yalifanyika. Hukumu ni kwamba kuanzia saa mbili usiku mashine ni yake mpaka siku atakayoondoka kwenda chuo, na mimi nina haki ya kukaa pembeni nikitazama tamthilia kama nikinyamaza. Nimefika sehemu ya kumi na nne. Yule baba mkwe ni shetani kabisa, jamani.

Tukutane wiki ijayo, na usiku wa leo ukimaliza kusoma, hebu kazifunge hizo kurasa zako.