Je, Mwalimu wa Timu Aweza Kutaka Timu Yake Ishindwe?

Sidhani kama wako wengi kati yetu waliopata kuona kwa macho yao mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Hata hivyo nawaomba mnisikilize, maana katika mchezo huo lilitokea jambo ambalo latuhusu sana sisi tunaoshindana kwa mabweni na kwa shule. Tena lawahusu mabwana waliotutangulia hapa, ambao wengine wao sasa ni walimu wa timu huko waliko.

Mtu ninayetaka kumsema ni Bwana Bengt-Åke Gustafsson wa Uswidi. Alizaliwa mwaka 1958 katika mji wa Karlskoga, penye viwanda vya mizinga vya Bofors, ambavyo zamani vilikuwa mali ya Alfred Nobel, yule yule wa zawadi za Nobel. Mwaka 1979 alikwenda Marekani kuichezea Washington Capitals kwa mshahara. Siku hizo wachezaji kutoka Ulaya walikuwa bado wachache katika ligi ya Amerika Kaskazini, na Wakanada wengi waliwadharau Waswidi wakisema ni watu laini wasioweza kugongana. Gustafsson alikaa huko misimu tisa. Katika michezo 629 alifunga mabao 196, lakini aliwasaidia wenzake kufunga mabao 359, na hesabu hiyo yaonyesha alikuwa mtu wa namna gani: mtu wa kuona mbali na kutoa kwa mwenzake. Ila Januari 8, 1984, huko Philadelphia, alipiga langoni mara 5, na mara zote 5 likaingia bao. Mwaka 1986 alivunjika mguu akarudi kwao. Mwaka 1987 alikuwamo katika timu ya Uswidi iliyotwaa ubingwa wa dunia, na mwaka 1991 akautwaa tena.

Alipoacha kucheza akawa mwalimu. Mwaka 2002 aliiongoza timu ya Färjestad kuwa bingwa wa Uswidi, na mwaka 2005 akakabidhiwa timu ya taifa. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Februari 2006 Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Torino, Italia. Timu 12 za magongo ziligawanywa katika makundi mawili, na timu nne za kwanza za kila kundi ziliingia robo fainali. Uswidi ilikuwa na mchezo mmoja uliobaki, nao ni dhidi ya Slovakia. Timu zote mbili zilikuwa na hakika ya kuendelea, kwa hiyo kilichobaki ni nani atakutana na nani. Ukishinda na kupanda juu, utakutana labda na Kanada, mabingwa wa 2002, au na Cheki, mabingwa wa 1998. Ukishindwa, utakutana na Uswisi. Kabla ya mchezo Gustafsson alisema hadharani kwamba kuchagua kati ya wakali wale wawili ni kama kuchagua kati ya kipindupindu na tauni, na akaacha watu wafahamu kwamba kushindwa kwaweza kuwa na faida yake.

Basi Uswidi ikashindwa, 3 kwa 0.

Lazima nieleze jambo moja la mchezo ule ili msije mkadhani nawaonea. Katika magongo ya barafuni, mchezaji akifanya kosa hutolewa nje kwa dakika kadhaa, na timu yake hucheza pungufu. Ikafika wakati Slovakia ilikuwa na watu wawili nje, wamebaki watatu na mlinda lango wao. Uswidi ilikuwa na watano barafuni, nao si watu wa kuokoteza: Forsberg, Sundin, Lidström, Alfredsson na Modin, wote mashujaa wa ligi ya Marekani na Kanada. Watano hawa walipasiana wee, huku na huku, na hawakupiga langoni hata mara moja. Hakuna aliyethibitisha kwamba palikuwa na amri. Lakini mwaka 2011 Peter Forsberg mwenyewe alisema kwamba walijua ni afadhali kushindwa.

Yaliyofuata kila Mswidi ayajua kwa moyo. Waliifunga Uswisi 6 kwa 2. Katika nusu fainali waliifunga Cheki 7 kwa 3. Katika fainali walikutana na jirani zao Ufini, ambao walikuwa hawajashindwa hata mchezo mmoja, na Lidström akafunga bao la ushindi sekunde 10 tu baada ya kipindi cha tatu kuanza: 3 kwa 2, medali ya dhahabu. Mwezi Mei mwaka ule ule, huko Riga, Gustafsson akatwaa na ubingwa wa dunia kwa kuifunga Cheki 4 kwa 0. Hakuna taifa lililokuwa limepata kushinda mashindano yote mawili, yanapochezwa mbalimbali, katika mwaka mmoja. Ndiyo sababu kwao habari ya mchezo wa Slovakia husemwa kwa kucheka, kama hila ya sungura. Akipenda, chongo huita kengeza.

Mimi nasema alikosea, nami nitatoa hoja zangu.

Kwanza, hila yenyewe haikuwa na hesabu njema. Uswisi waliyotaka kukutana nayo ndiyo iliyokuwa imezifunga Kanada na Cheki katika kundi lake! Kanada waliyoiogopa ilitolewa na Urusi katika robo fainali bila kufunga bao. Na Cheki, ile tauni au kipindupindu, sijui ni ipi, waliikuta njiani siku chache baadaye wakaipiga mabao saba. Timu iliyoweza hayo ilikuwa na haja gani ya kujificha nyuma ya Slovakia? Dhahabu ile ingeweza kupatikana pasipo mchezo ule, na ingekuwa safi.

Pili, tuwafikirie Waslovakia. Walishinda michezo yao yote mitano ya kundi, tena kwa jasho. Malipo yao yalikuwa kukutana na Cheki na kufungwa 3 kwa 1, wakarudi kwao bila medali. Labda wangeifunga Uswidi hata kama Uswidi ingecheza kwa nguvu zote. Lakini sasa hakuna awezaye kujua, na ushindi wao umebaki na alama ya kuuliza ambayo wao hawakuiandika. Mtu anayeacha kushindana hajinyimi yeye tu. Amnyima na mwenzake sifa yake.

Najua wako watakaosema kwamba kazi ya mwalimu wa timu ni kuifikisha mwisho, na kwamba mwenye akili hupumzisha nguvu zake. Kupumzisha naafiki. Mchezaji aliyechoka au mwenye maumivu akiwekwa kando, na mwingine akaingia mahali pake na kucheza kwa moyo wote, hakuna aliyedanganywa. Lakini kumweka bingwa uwanjani naye ajifanye anacheza, hilo ni jambo jingine kabisa. Tena hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya Gustafsson mchezaji na Gustafsson mwalimu. Yule kijana wa Philadelphia, mwenye mapigo 5 na mabao 5, hakuwa na la kuhesabu ila lango lililo mbele yake. Mwalimu husimama nyuma ya ubao, aona mashindano yote, ana karatasi ya ratiba mkononi, na karatasi ile humshawishi. Kwa hiyo neno lake moja, hata likisemwa kwa mzaha mbele ya waandishi wa magazeti, lina uzito kuliko la mchezaji. Hana haja ya kuamuru. Wachezaji husikia.

Wengine waliofanya hivyo waliadhibiwa. Mwaka 2012 huko London, wachezaji wanane wanawake wa badminton, kutoka China, Korea Kusini na Indonesia, walifukuzwa katika Olimpiki kwa kujaribu kushindwa ili wakutane na wapinzani wepesi. Na mwaka 1982 huko Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi ilipofunga bao moja dhidi ya Austria, timu zote mbili ziliridhika nalo zikapoteza wakati hata mwisho, kwa kuwa hesabu hiyo iliwafikisha wote mbele. Waliotolewa ni Algeria, ambao walikwisha cheza jana yake na hawakuwa na la kufanya. Tangu hapo wakuu wa Kombe la Dunia waliamua michezo ya mwisho ya kundi ichezwe saa moja kwa wote.

Gustafsson mwenyewe aliendelea na timu ya taifa hadi 2010. Mwaka huo, katika Olimpiki ya Vancouver, Uswidi ilikwenda kuitetea dhahabu yake ikafika robo fainali, na waliosimama mbele yao walikuwa Slovakia. Safari hii hapakuwa na ratiba ya kuchezea. Slovakia ilishinda, 4 kwa 3.

Sasa nirudi kwetu. Desturi yetu ni kubandika ratiba nzima ukutani kabla ya mashindano ya mabweni kuanza, hata kila nahodha ajua tangu siku ya kwanza nani atamngojea katika nusu fainali, na michezo ya mwisho ya makundi huchezwa siku mbalimbali kwa sababu uwanja ni mmoja. Naiomba kamati ya michezo ifanye mambo mawili muhula ujao: ipige kura ya kupanga nusu fainali baada ya michezo yote ya makundi kwisha, mbele ya manahodha wote, na uwanja wa chini, ambao sasa hulishiwa ng'ombe, ufyekwe ili michezo miwili ya mwisho ichezwe saa ile ile. Mabwana waliotutangulia wakipenda kutuletea mafyekeo, tutayapokea kwa shukrani.