Kachumbari Inamfunga Nani Jikoni?

Washkaji zangu wa kiume, leo tuambizane ukweli. Geto tunapika, tena tunapika vizuri. Jirani yangu wa chumba cha pili akisonga ugali na kukaanga dagaa zake kwa nyanya na pilipili, korido nzima inajikuta ina njaa. Bumu likichelewa ndiyo kabisa, kila mtu anageuka mpishi. Lakini jamaa huyo huyo akienda kwao sikukuu, mikono inakufa ganzi. Anakaa sebuleni na kanzu yake iliyopigwa pasi, anachezea simu, anasubiri sinia. Ukimuuliza, eti jikoni kuna dada zake.

Namsema yeye lakini nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka Idi el-Fitri iliyopita. Kilichoniinua kwenye kochi ni kachumbari.

Kwetu Mwananyamala, kama ilivyo kwa wengi wetu wa Kinondoni, chakula cha Idi ni pilau. Pilau ndiyo inayotajwa, ndiyo inayosifiwa, na mpishi wake anajulikana. Kachumbari inawekwa pembeni ya sinia kama vile imejikata yenyewe. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza nani kakata. Na bado isipokuwepo, au ikiwa imelegea, kila mtu anaiona pilau nzito, inakwama. Mafuta ya nyama na binzari nyembamba vinadai kitu chenye ndimu.

Sasa hebu tuangalie saa. Pilau ina huruma kidogo. Ukishaweka maji na mchele ukafunika, ukapalia makaa juu ya mfuniko, unaweza kwenda kuoga, ukavaa, ukajipaka wanja, na pilau haitakukimbia. Vitunguu vya kachumbari navyo unaweza kuvikata mapema, ukavifikicha kwa chumvi, ukaviosha mara mbili tatu na kuvikamua mpaka ukali utoke. Lakini nyanya, tango, ndimu na chumvi ya mwisho haviwezi kusubiri. Ni ile osmosisi tuliyokariri sekondari: chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyanya, na kachumbari ya saa nne asubuhi ikifika saa saba mchana ni mchuzi baridi. Kwa hiyo lazima ikatwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wanavua viatu mlangoni.

Yaani kuna mtu mmoja ambaye kila Idi, wakati watu wanapeana mikono na kupiga picha, yeye yuko uani na beseni, macho yanamtoka machozi ya vitunguu. Nilirudi kwenye picha zetu za Idi kwenye simu ya mama nikamtafuta dada yangu mkubwa. Yupo kwenye picha za jioni, keshavua nguo mpya. Kwenye ile ya familia nzima, inayopigwa mchana tukisubiri kula, hayumo hata mwaka mmoja. Ana miaka ishirini na tisa.

Idi hiyo mama alikuwa anaumwa kifundo cha mkono tangu katikati ya Ramadhani. Dada alikuja na mtoto wa miezi mitano. Sisi wanaume tulisharudi kuswali, wengine kutoka ule msikiti mkubwa wa Mfalme Mohammed VI pale makao makuu ya BAKWATA, tumejaa sebuleni tunabishana mpira. Mama akaita kutoka uani, "Jamani, nani ananikatia kachumbari?" Tulikuwa vijana sita wenye mikono mizima. Kimya. Nikamwona dada anaanza kumfungua mtoto mgongoni ili amkabidhi mtu. Kiukweli niliona aibu, nikasimama.

Baba mdogo akacheka: "We msomi, ndiyo wanayokufundisha huko chuo?" Shangazi naye akadakia, "Mwacheni, huyo mkewe atafaidi." Hiyo ya shangazi iliniudhi zaidi, maana hata hapo kachumbari ilikuwa ni ya mke ambaye hayupo.

Tuishughulikie hii hoja ya kazi ya kike, kwa sababu ndiyo inayotukalisha. Toka jioni yoyote utembee kuanzia Kinondoni Mkwajuni mpaka Magomeni. Kwenye kila banda la chipsi na mishkaki, anayekata kachumbari ni nani? Ni kijana wa kiume, mara nyingi wa rika letu, anaikata nyembamba kwa kasi ya ajabu na hakuna anayemcheka. Kwenye shughuli za harusi, sufuria kubwa za pilau mara nyingi zinasimamiwa na wanaume, na wanalipwa. Hivyo hatuna shida na kisu wala na kitunguu. Tukilipwa tunakata. Ikiwa ya bure, ya nyumbani, ndiyo inakuwa na jinsia. Halafu Jumatatu tunarudi darasani kuandika insha kuhusu kazi za nyumbani zisizolipwa na tunapata A.

Wala msiniambie ni mambo ya dini. Jirani yetu wa mlango wa pili ni Mkristo, na kila Desemba 25 naletewa sahani ya pilau na kachumbari iliyofunikwa kwa kitambaa. Anayeileta ni binti yake mdogo, ambaye mikono yake inanuka vitunguu. Kaka zake nawajua, mmoja tunasoma naye.

Kuna jambo moja nikubali. Mama zetu wenyewe wakati mwingine hawatutaki. Mama alinitazama nilivyoshika kisu akasema, "Toka, utakata vinene." Na kweli vya kwanza vilikuwa vinene, vya kuweka kwenye supu. Kachumbari ya kwetu ina masharti: kitunguu lazima upitishe mwanga, mbegu za nyanya zitolewe, karoti ikwanguliwe, na embe bichi kidogo kama ni msimu wake. Mama anajivunia kachumbari yake na ana haki ya kuogopa kuaibishwa mbele ya wageni. Ndiyo maana nasema tujifunzie huku geto, si siku ya Idi. Vitunguu viwili, nyanya mbili, ndimu moja, Jumamosi hii. Ukiharibu utakula mwenyewe na dagaa zako.

Na usiende na kamera. Maana nilichokiona baadaye ndicho kilichonisumbua mpaka nikaandika haya. Sinia lilipokuja, mama akatangaza kwamba kachumbari kakata mwanawe wa chuo. Nikapigiwa makofi. Baba mdogo aliyenicheka akaongeza mara mbili. Wageni wakasema mama amelea. Nilikata kwa saa moja, mara moja katika maisha yangu, nikavuna sifa ambazo dada hajawahi kuzipata tangu nianze kukumbuka. Yeye alikuwa amekaa mkekani ananyonyesha, akaonja, akasema ndimu imezidi.

Ilikuwa imezidi. Idi el-Hajj nimeshamwambia nitakata tena, na nimemwomba mama asitangaze chochote. Dada amejibu kwa meseji fupi kwamba nipunguze ndimu, na nisimguse embe mpaka aje mwenyewe kunionyesha.