Baiskeli ya Nyumbani ni ya Nani?

Tanga ni mji tambarare na barabara za Ngamiani zimenyooka. Hata hivyo baiskeli ya baba hubeba magunia, na watoto wa chuo hupakiwa bodaboda watatu watatu, bila kofia ngumu. Mimi naona baiskeli hiyo ingewapeleka chuoni.

Lakini mtoto asikalishwe kwenye keria hivi hivi. Mguu mdogo huning'inia, kisigino huingia kwenye spoki gurudumu likizunguka, na kidonda chake huchukua wiki kadhaa kupona. Fundi anaweza kuziba ubavu wa gurudumu kwa plastiki ngumu na kuweka pa kukanyaga. Asiyeweza kukaa wima peke yake asipandishwe kabisa.

Na mabinti je? Kaka hufundishwa angali mdogo, dada huambiwa haifai (wavulana msicheke). Katika niliyosoma sikuona hoja ya kumzuia. Baiskeli isiyo na mtalimbo inatosha, na vazi la stara likusanywe lisinase kwenye mnyororo. Mama akijua kuendesha, mtoto mwenye homa hatangoja baba arudi kutoka kazini ndipo apelekwe zahanati.