Hedifoni ya milioni moja shambani? Mimi nasema hapana

Msimu huu nimeulizwa swali hili mara nyingi kuliko swali la viwavijeshi, tena na vijana wanaolima kibiashara kweli kweli, wenye pawatila na mashine za kupukuchulia mahindi: "Bwana shamba, kati ya Sony, Bose na AirPods Max, nichukue ipi ya kuvaa nikiwa kazini?"

Jibu langu ni fupi. Usichukue hata moja, kama ni ya kuvaa kazini.

Tuzipe haki yake kwanza. Sony WH-1000XM5, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 399 (kama milioni moja ya kwetu), inapiga saa 30 kwa chaji moja huku uzimaji kelele ukiwa umewashwa. Sauti yake ni safi na simu unaongea vizuri. Ukiwa ndani ya basi unaenda kufuata mbegu mjini, ni raha tupu. Shida ni kwamba vitu hivi vimetengenezwa kwa ajili ya ndege na ofisi, sisi tunavitaka kwenye pumba na jasho.

Angalia bawaba. Toleo la nne la Sony lilikuwa linakunjika, la tano likaacha kukunjika, na watumiaji wengi wakalalamika kuwa linavunjika pale kikombe cha sikio kinapoungana na upinde wa kichwani. Toleo la sita, la mwaka 2025, limerudi kukunjika na bawaba imesukwa upya. AirPods Max nayo ilitoka 2020 kwa dola 549, na wenyewe walionunua wakaanza kuonyesha picha za matone ya maji ndani ya vikombe. Hayo ni ya watu waliokaa ndani. Wewe unapukuchua saa saba mchana!

Halafu soma boksi vizuri, utafute herufi IP. Namba ya kwanza baada ya IP ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Ukiona IPX4, hiyo X maana yake kifaa hakikupewa daraja la vumbi. Hizi za bei mbaya nilizozitaja hazina daraja lolote, la vumbi wala la maji. (Jifunzeni kusoma namba hizo, zitawasaidia hata mkinunua taa za sola.)

Kuna pia mambo ya programu. Mwaka 2019 wenye Bose QC35 walilalamika kwamba baada ya kuweka toleo jipya la programu, uzimaji kelele ulipungua. Kampuni ikachunguza, ikasema haijapungua. Nani yuko sahihi, hilo waachie wenyewe. Ninachokiona mimi ni kifaa ambacho ukiamka asubuhi kinaweza kuwa na tabia nyingine, na fundi wa mjini kwetu hana la kufanya. Bomba la mgongoni likizingua unabadilisha washa, mnaendelea. Na kwa milioni hiyo unapata mabomba ya lita 16 zaidi ya kumi.

Lakini hela siyo inayonikosesha usingizi. Ni masikio yenu.

Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Trekta lisilo na kabati na mashine ya kupukuchulia zinafika huko bila jasho. Kipimo cha bure ni hiki: mtu akiwa umbali wa mkono mmoja na inabidi upaze sauti ndipo akusikie, mmeshavuka. Kusikia kukipotea kwa kelele hakurudi, hakuna dawa.

Vijana wanajibu, "Si ndiyo maana nataka inayozima kelele?" Hapo sasa. Uzimaji ule unafanya kazi zaidi kwenye mngurumo mzito usiobadilika, kama wa injini. Mlio mkali, chuma kugonga chuma, unapunguzwa kidogo sana. Betri ikiisha katikati ya kazi, unabaki na kasponji tu. Na ukiongeza muziki ili ushinde mashine, umebeba kelele mbili. Muziki huohuo unaweza kukufunika usisikie kibarua anayepiga kelele kwamba shati lake limenaswa kwenye mkanda wa mashine.

Kwa kazi hiyo nunua kinga za masikio za mafundi, zile za vikombe vya plastiki, dukani kwa vifaa vya ujenzi. Hazina betri wala programu. Boksi liwe limeandikwa desibeli inazopunguza. Anayeng'ang'ania Bluetooth atafute kinga ya kazini yenye Bluetooth ndani. 3M wanayo WorkTunes Connect, imekadiriwa kupunguza desibeli 24 na inatumia betri za AA za dukani. Sauti iwe ya chini.

Kama hedifoni ya bei unayo tayari, ivae ukiwa unapiga hesabu zako jioni. Siku ya kupuliza dawa isitoke hata ndani: sponji zake zinanyonya kiuatilifu, huwezi kuzifua zikatakata, na kesho yake unazibana tena kwenye ngozi ya uso.