Mashine Haimjui Mzazi

Huko Marekani, mzazi anayegombea malezi ya mtoto mahakamani pengine hushauriwa akubali kwa hiari kupimwa na mashine ya kutambua uongo. Twasema: asikimbilie. Mashine hiyo hupima pumzi, jasho na msukumo wa damu, wala haipimi ukweli. Msema kweli anayeogopa kunyang'anywa mwanawe, moyo wake huenda mbio kama wa mwongo. Mwaka 1923 mahakama ya rufani mjini Washington ilikataa ushahidi wa kipimo cha uongo. Mwaka 1988 sheria iliwakataza waajiri wengi wa makampuni binafsi kuwapima hivyo wafanyakazi wao. Ikiwa kazi ya mtu yastahili kinga hiyo, seuze mwanawe? Kwanza amwone wakili, kisha alete mashahidi wanaojua amleavyo mtoto.