Mzee anayetetemeka asikalishwe mkekani

Hapa Hanga, kila ninapoitwa kumtazama mzee nyumbani, mara nyingi hukuta hali moja. Mzee kakalishwa mkekani barazani, mkono mmoja unatetemeka juu ya paja, uso umekauka kama mtu aliyekasirika. Akitaka kuinuka wajukuu wanamzuia: "Pumzika babu, utaanguka." Wanafanya hivyo kwa mapenzi na kwa kutafuta radhi zake. Lakini nasema wazi kwamba kumkalisha kutwa nzima namna hiyo ni kumdhuru.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliiambia familia moja imwache mzee wao apumzike. Baada ya miezi michache miguu ilikuwa imekakamaa na kuishiwa nguvu. Usiku mmoja akainuka peke yake kwenda chooni, akaanguka na kuvunjika nyonga. Hakutembea tena.

Ugonjwa huu si uzee mtupu, wala si jini. Unaitwa Parkinson, kwa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeuandikia mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, na dopamini ndiyo inayowezesha mwili kwenda bila mtu kufikiria kila hatua. Ikipungua, mtu huwa mzito, huburuza miguu kwa hatua fupi, mikono haipepei anapotembea, na akifika mlangoni miguu huganda. Wengine hawatetemeki kabisa. Asiambiwe mtu kwamba ni udhaifu wa imani yake. Bondia Muhammad Ali, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1980, aligundulika kuwa nao mwaka 1984 na akaishi nao mpaka alipofariki mwaka 2016.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kutoa matokeo yao mwaka 2008. Kati ya watu wapatao 161,000 walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mwaka 2010 ukatolewa utafiti mwingine wa huko huko kaskazini. Wagonjwa ambao hawajaanza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata kidude kinachogonga kwa mapigo yaliyo sawa. Mwendo wao ukawa wa kasi zaidi na hatua zikarefuka. Sauti ya nje huuongoza mwendo ambao ubongo umeshindwa kuuongoza wenyewe.

Kidude hicho hatuna, lakini sauti tunazo. Mjukuu ahesabu "moja, mbili, moja, mbili" au apige makofi, na kijana wa madrasa aliyezoea dufu ataiweza kazi hii vizuri kuliko mimi. Mapigo yafuate mwendo wa mzee, yasimkimbize. Mwambie anyanyue mguu, atangulize kisigino, apige hatua kubwa. Unaweza pia kuchora mistari ya majivu uani, kila mmoja umbali wa hatua moja, naye aivuke. Nusu saa kwa siku inatosha, hata kwa vipande vya dakika kumi kumi. Akiganda, usimvute mkono! Asimame, aegemeze uzito mguu huu, kisha ule, halafu ahesabu na kupiga hatua moja kubwa. Akitaka kugeuka azunguke kwa upana, asijinyonge mahali pamoja. Asibebe ndoo, na usimpigie soga njiani. Kandambili ziwekwe kando, avae viatu vinavyoshika kisigino.

Kwa ajili ya mizani, aketi kwenye kiti kisichoyumba, arudishe miguu nyuma, ainamishe kifua mbele, ainuke na kuketi tena mara kumi, na mtu awe pembeni yake.

Tusisahau udhu na sala, maana wazee wengi huangukia hapo. Kuosha mguu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja ni hatari kwake, basi awekewe kigoda na kopo la maji. Kuinuka ghafla kutoka sijida huweza kumletea kizunguzungu. Asiyeweza kusimama sheria imemruhusu asali ameketi, na nyumbani tusimwonee haya kwa hilo. Lakini ruhusa hiyo ni ya sala, haina maana kwamba aketi mpaka magharibi.

Mazoezi hayaponyi ugonjwa huu, wala hayachukui nafasi ya dawa. Dawa yake kuu, levodopa, haipo katika kila zahanati, hivyo mgonjwa huhitaji rufaa. Aliyeianza asiiache ghafla, na afanye mazoezi wakati imeshaanza kumlegeza. Na kama mzee wako alianza kutetemeka baada ya kupewa vidonge vya kichefuchefu au vya ugonjwa wa akili, usivikatize mwenyewe. Njoo navyo mkononi, maana baadhi yake huleta dalili hizi hizi.