Taarifa Iwe ya Kituo, Isiwe ya Muuguzi

Mtoto anayeumizwa nyumbani mara nyingi huletwa zahanati na mtu wa nyumba hiyohiyo, naye ndiye anayemjibia: "Ameanguka." Katika kata ya Mabatini, jijini Mwanza, ambako nyumba zimebanana kwenye mawe ya mlimani, maelezo hayo huaminika upesi, kwani watoto huanguka kweli. Lakini michubuko ya mgongoni, mingine mipya na mingine ya siku nyingi, haiwi ya kuteleza jiweni. Mtaalamu huiona, mbona hunyamaza?

Sheria ipo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki zake aifahamishe mamlaka ya serikali ya mitaa. Ukubwa wa tatizo nao unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ambao Chuo Kikuu cha Muhimbili kilishiriki, ulionesha kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Kinachomfunga mdomo mtaalamu ni upweke. Jioni muuguzi hupanda mlima uleule, akanunua dagaa kwa jirani yuleyule ambaye mumewe anatuhumiwa. Jina lake likitajwa, atamkimbilia nani? Familia nayo huuliza: baba akikamatwa, kodi ya nyumba italipwa na nani? Basi ndugu huketi, shauri likaisha kifamilia, na mtoto akarudi kulala chini ya paa lilelile.

Kwa hiyo, taarifa na itoke kwa kituo cha afya. Wahudumu wawili wamchunguze mtoto na kuandika walichokiona. Azungumzwe naye faraghani, mbali na aliyemleta. Kisha mganga mfawidhi atie saini na kuwaita afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Tiba itangulie: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na muda huo hausubiri mabishano juu ya fomu ya PF3. Kabla mtoto hajaruhusiwa, ijulikane atalala kwa nani.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuvunja siri ya mgonjwa. Siri ni ya mgonjwa, na mgonjwa hapa ni mtoto. Haikuwekwa ili imkinge aliyemuumiza.

Nawe mzazi au jirani usomaye haya, "samaki mkunje angali mbichi" ni usemi wa malezi, haukuruhusu kumjeruhi mtoto. Ukisikia kilio kisichokwisha ng'ambo ya ukuta, piga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo. Muuguzi atakayempokea mtoto huyo kesho atakuwa na mwenzake wa kusimama naye.